Kitambaa Kilichopumua

Juzi, pale Kitale, fundi alifungua mlango wa gari langu la zamani, lililokuwa la baba, kitambaa cha dari kikamwangukia kichwani. Alicheka. Mimi harufu ya sponji ya dari iliyogeuka unga ilinirudisha utotoni.

Mchana mmoja tulikuwa tunampeleka kukhu, mama yake baba, hospitali ya misheni kule Lugulu. Alilala kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwangu, akinukia moshi wa kuni. Dirisha lilikuwa wazi. Kitambaa cha dari kilivimba polepole, kikashuka, na kifua cha kukhu kilivimba na kushuka vilevile. Nikaamini gari ndilo lililokuwa likimpumulia.

Tulipofika Kiminini baba alisimamisha gari, akanunua pini dukani, akaanza kukibana kile kitambaa kisimwangukie mama yake usoni. Nikaangua kilio.

"Baba, usikifunge! Atakosa pumzi!"

Baba alinitazama asielewe. Kukhu akafumbua macho, akasema kwa sauti ndogo, "Wacha bana, si inanipepea?"

Baba akatia pini mfukoni. Tulifika Lugulu kitambaa kikipumua, na kukhu akipumua.

Sasa najua ulikuwa upepo wa dirishani tu. Lakini fundi alipouliza kama agundishe dari yote, nilimwambia agundishe mbele, nyuma aache.

"Ati niache?"

"Acha tu."

Siku hizi baba ndiye hulala kiti cha nyuma, tukimpeleka Bungoma kwa daktari.