Kitabu Ndani ya Karatasi ya Kaki

Harufu ya karatasi ya kaki iliyofungiwa sukari hunirudisha Nakuru, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa darasa la saba. Baba alikuwa na duka karibu na stesheni, na kila muhula mimi na mama tulikaa sakafuni tukivalisha vitabu vyangu vya shule karatasi hiyo, punje za sukari zilizosalia zikinata vidoleni mwetu. Mchana upepo wa ziwani ulileta vumbi jeupe la magadi, mji ukafifia kana kwamba unasinzia, nami nikasinzia nao. Baba alikuwa Mhindi, mama Mkikuyu wa Molo, na mimi nilikuwa na rangi ya chai ambayo kila mtu alikuwa na maoni juu yake.

Shuleni maoni hayo yalikuwa na msemaji wake, Rosa, binti wa mkulima aliyenunua kipande cha shamba la mzungu kule Njoro. Ndiye aliyenibandika jina la Nusu Kilo. "Nusu Kilo, leo umepimwa na nani?" aliniuliza mstarini kila asubuhi, na wenzake wakacheka. Nilimchukia, sifichi. Nilipumua Jumamosi tu, kwenye maktaba ya mji, ambako Bi. Ruth, mtunza vitabu, hakukuuliza unapenda nini. Alikutazama usoni, kisha akaenda rafuni. Siku moja aliniletea kitabu cha hadithi ya Kiingereza kuhusu msichana mweusi wa ng'ambo aliyezomewa njiani akienda shule ya wazungu. "Soma pole pole," akaniambia. "Lakini ukipoteza hii, kadi yako nachukua."

Nikakivalisha kaki, nikaandika juu yake jina langu na neno Hesabu, ili Rosa asipate jambo jingine la kunichekea. Nilijiona mjanja sana. Nilisahau kwamba Rosa alikuwa amepoteza kitabu chake cha hesabu, na kila tulipopewa kazi ya nyumbani alibeba cha yeyote bila kuomba. Ijumaa iliyofuata alibeba hicho changu. Nilimtazama akikitia mkobani, nikashindwa kufungua mdomo, kwa sababu kukidai kulikuwa ni kueleza kilichomo. Wiki mbili zilipita kama ndoto ya homa. Niliziona Jumamosi zangu zikiniponyoka, na cha ajabu, Rosa hakuniuliza tena nimepimwa na nani. Nilidhani ananipangia makubwa.

Siku moja kabla ya tarehe ya kukirudisha, nilimngoja langoni. Kabla sijasema neno alinipa kitabu, akiangalia viatu vyake.

"Hii hesabu yako nimesoma mara mbili," akasema. "Mama alikuwa mpishi wa huyo mzungu wa shamba letu. Watoto wake walikuwa wanakunywa chai na kikombe, mimi na mkebe." Akainua macho. "Iko ingine kama hii?"

Karatasi ilikuwa mpya, imekunjwa vizuri kuliko nilivyoikunja mimi. Juu yake, kwa mwandiko wa kujikaza, alikuwa ameandika jina langu lote, Zarina Wambui Jamal, na chini yake, Hesabu. Nililia njia nzima hadi dukani. Kesho yake tulienda kwa Bi. Ruth pamoja.

Leo mimi ndiye ninayeulizwa kuhusu vitabu. Wazazi hunijia na simu mkononi, wakitaka vitabu vya vijana wao wanaochekwa kwa rangi, kwa kabila, kwa nywele, na mimi huwatajia kwa furaha, kwani siku hizi viko vingi na vizuri kuliko vya wakati wetu. Majalada yake yanang'aa na yanatangaza kila kilichomo. Mtoto anayeumia hukikimbilia kitabu cha namna hiyo. Anayemuumiza hukipita akitazama pembeni. Kwa hiyo huwaambia wanunue viwili. Kimoja wampe mtoto wao. Cha pili wakivalishe kaki, waandike Hesabu, na mtoto akiache juu ya dawati Ijumaa jioni.