Swali Nililomwandikia Baba Keji

Jamani, hii nawasimulia huku uso nimeuficha, kwa hiyo chekeni polepole.

Nilitengeneza programu ya Java ya kusajili wakulima wa muhogo wa ushirika mmoja kule Koboko, na mwenyekiti wake, balaa yangu, alikuwa Baba Keji, yaani baba wa mchumba wangu Keji, ambaye Jumamosi ya wiki ile ile ya uzinduzi wazee wangu walikuwa wanipeleke kwake Lurujo kujitambulisha. Sasa, kwenye sehemu ya umri nilibandika anotesheni ya @Max, yaani alama ya kukataa namba iliyozidi kikomo, nami kikomo nikaweka themanini (nani analima muhogo baada ya hapo?), na hapo unaweka pia ujumbe wa kosa utakaomtokea aliyezidi, nami siku hiyo chumbani kwangu mtaa wa Oli nilikuwa na njaa na utani mwingi, nikaandika: "Mzee, bado uko hai kweli?" Nikasema nitaufuta. Nikasahau kabisa.

Siku ya uzinduzi ukumbi umejaa, projekta inamulika ukuta mzima, na Baba Keji akaitwa asajiliwe wa kwanza kwa heshima. Akaandika mwenyewe, kwa kidole kimoja. Jina likapita. Kijiji kikapita. Hapo ndipo nikakumbuka ule utani. Seva yenyewe ilikuwa ndani ya kompyuta ile ile, ukaguzi wa umri hausubiri mtandao, kwa hiyo hata kuchomoa waya wa intaneti kusingenisaidia (nilichomoa, nikaonekana mwizi). Nikamnong'oneza aruke sehemu ya umri. Akanijibu kwamba yeye haoni aibu kwa umri wake, akabonyeza themanini na tatu.

Swali langu likajaa ukutani.

Keji, safu ya mbele, akafunika macho. Mzee akalisoma tena, midomo ikicheza, kisha akanigeukia.

"Nani iko nauliza mimi hii maneno?"

Nikasema ni kompyuta (Mungu anisamehe), na muda mfupi kabla nilikuwa nimejigamba kwenye hotuba kwamba kila neno humo nimeliandika mwenyewe.

"Kumbe wewe iko nangoja mimi nakufa kwanza," akasema, "ndiyo unachukua Keji bila ng'ombe."

Watu wakavunjika mbavu. Yeye hakucheka, na mimi jasho lilinitoka mpaka shati likanata mgongoni.

Nimeapa, utani kwenye ujumbe wa kosa siandiki tena, hata wa majaribio. Jumamosi ile hatukwenda Lurujo. Baba Keji alituma neno kwamba hataweza kutupokea, bado ana shughuli ya kuishi.