Viatu vya Wifi Fadhila na Ukuta Wenye Tumbo

Viatu vilivyoanguka kutoka kwenye mfuko wangu barabarani, mbele ya watu, havikuwa vya mwanaume. Vilikuwa vya wifi yangu Fadhila. Na Fadhila hakunifukuza nyumbani kwa kaka yake, wala siku ile wala siku nyingine yoyote.

Nimeanza na hayo mawili kwa sababu ndiyo yanayosemwa, na yamesemwa hadi yamevuka mji. Juzi nilikuwa kwenye arusi huko Mutanga Nord, sahani ya wali mapajani, mama mmoja aitwaye Médiatrice, ambaye zamani tulifundisha naye shule moja, akaniinamia na kuniuliza kwa sauti ya huruma kama yule bwana wa viatu alikuwa mwanajeshi au mfanyabiashara. Wali ulikuwa mzuri. Sikuumaliza.

Mimi ni Asiya, Mama Uthmani kwa majirani, mjane wa marehemu Hamimu, fundi magari wa mtaa wetu wa Buyenzi. Nimesoma, na nimewafundisha kusoma watoto wengi wa mji huu. Kwa hiyo nitaandika jambo lilivyokuwa, ili anayetaka kulisimulia alisimulie kama lilivyo.

Fadhila ndiye dada aliyemfuata Hamimu kuzaliwa. Alizaliwa katika nyumba ile ile tunayokaa, akaolewa barabara ya pili kutoka hapo, na ndoa ilipokwisha alirudi mchana kweupe, kitanda chake kichwani, huku akiimba. Anauza nguo za mitumba sokoni. Sauti yake ni ya kuitia wateja, na hawezi kuipunguza hata anapomsalimia mgonjwa. Tena ana miguu mikubwa. Sisemi hivyo kwa dharau, maana mwenyewe hujivunia. Hakuna viatu vya kike vilivyowahi kumtosha katika mji huu, kwa hiyo siku zote huvaa ndala za kiume, na ndala hizo husikika zikija kabla mwenyewe hajakata kona.

Hamimu alifariki kwa ugonjwa wa figo, mwaka mmoja baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanza. Ndugu wa mbali wakaja na maswali kuhusu nyumba. Fadhila aliwapa chai, akakaa mbele yao.

"Nyumba ni ya sisi wawili, mi na Mama Uthmani," aliwaambia. "Mwenye kutaka kuigawa, aanze kunigawa mi kwanza."

Walimaliza chai yao, wakaenda. Huyo ndiye mtu ambaye wanasema alinitupa nje.

Nyumba yenyewe ilijengwa na baba mkwe wangu kwa matofali ya udongo mbichi, ikapakwa chokaa. Mwisho wa mwaka 1997 mvua zilizidi. Huko Buterere mashamba ya mpunga yaligeuka ziwa. Kwetu maji yalijipenyeza chini ya ukuta wa mbele, ule unaotazama barabara, na mvua ilipopungua tukaona ukuta umetoa tumbo. Kila wiki tumbo liliongezeka kidogo. Fadhila aliuegemezea gogo la mkaratusi, na wapita njia wakapata la kusema.

"Mama Uthmani, ukuta wenu unajifungua lini?" aliuliza Mama Chabani, jirani yetu wa ng'ambo, ambaye kiti chake hakiondoki mlangoni tangu alfajiri.

"Ukianza uchungu, we ndiye mukunga," Fadhila akamjibu.

Tukamwita Télesphore, fundi mwashi wa Kanyosha, Mkatoliki mpole ambaye akicheka hucheka kwa mabega. Alishusha timazi, akautazama uzi, akautazama ukuta, kisha akavua kofia kama mtu aliyeingia msibani.

"Huu hauponi," alisema. "Mubomoe vyumba viwili vya mbele, tujenge upya na matofali ya kuchoma. Mabati tutayashikilia juu na nguzo. Lakini mukianza, mumalize. Nyumba bila uso ni mubaya kuliko nyumba yenye tumbo."

Kuanza au kutoanza, ndilo lililokuwa swali. Mwaka ule mipaka ilikuwa imefungwa na nchi jirani. Simenti ilipatikana kwa kunong'ona, na bei ya asubuhi haikuwa bei ya jioni. (Yetu ilitoka wapi, watu wenye adabu hawaulizi.) Mshahara wangu wa ualimu ulikuja kama mgeni asiyetupenda. Usiku milio ya risasi ilisikika kutoka milimani. Kila nyumba niliyoijua ilikuwa na mfuko uliofungwa tayari: nguo, sufuria ndogo, vyeti, kitu cha kutafuna njiani. Wangu niliufunga mwaka 1995, majirani walipokuwa wakikimbia vita na kuvuka mpaka kwenda Uvira, na tangu hapo ulikaa chini ya kitanda changu, katika chumba cha mbele. Mwanangu Uthmani nilikuwa nimempeleka Ujiji kwa meli, kwa kaka yangu, asome kwa utulivu. Watu walijumlisha mfuko na mtoto, wakapata jibu kwamba Asiya ni wa kuondoka.

Fadhila hakuwa na mfuko. "Mi siendi popote," alisema kila mara. "Nani atanunua mitumba yangu huko? Wenyewe wanavaa mitumba."

Alikuwa na akiba kidogo ya biashara yake na ujasiri mwingi, lakini hakutaka kugusa tofali hata moja bila neno langu.

"Nusu yangu ningekuwa nimeibomoa jana," aliniambia. "Chumba cha mbele ni cha kaka yangu, na cha kaka yangu ni chako. We sema tu."

"Tungoje vita vitulie."

"Vita vikitulia kila mutu atajenga, na Télesphore atasahau hata majina yetu."

"Basi tungoje Ramadhani ipite."

"Na Idi?"

"Na Idi."

"Na arusi ya mujukuu wa Mama Chabani. Bado hajazaliwa, lakini tungoje."

Sikuwa mjinga. Niliona hatari zote mbili. Tukibomoa, kisha risasi zikaanza, tungelala na barabara chumbani. Tusipobomoa, watoto wa shule walikuwa wakipita chini ya lile tumbo kila siku, wakicheka, wakiupigapiga ukuta kwa viganja. Nilipima upande huu, nikapima ule, na kila nilipokaribia kusema ndiyo, niliukumbuka mfuko chini ya kitanda. Mtu anajengaje nyumba huku analala juu ya mfuko wa safari?

Huku nikipima kwa akili, Fadhila alipima kwa miguu. Télesphore alipokuja na mita yake alimkuta ameshatembea vyumba vyote, kisigino mbele ya kidole.

"Mama, mguu wako si mita," alimwambia.

"Tofauti ni kidogo."

"Tukifuata hiyo tofauti, salon yenu ya kupokea wageni itaisha kwa Mama Chabani."

"Na iishe. Apunguze safari ya kuja kutuchungulia."

Idi ikapita, nami sikusema kitu. Fadhila naye akaacha kuuliza, na Fadhila akinyamaza hata paka hutoka uani. Jioni moja, tukichambua maharage, alisema bila kuinua kichwa, "Mi najua. We unaenda Ujiji. Ndiyo maana hutaki kujenga."

"Sijasema naenda."

"Hujasema unabaki."

Nimefundisha sarufi miaka mingi. Niliinamia maharage, nikachambua hata yaliyokwisha kuchambuliwa.

Siku chache baadaye, asubuhi, Télesphore alikuwa anapita kwenda kazini kwake akasimama ghafla. Juu ya dirisha langu ulikuwa umetokea ufa mpya, mpana wa kuingiza kidole.

"Mwalimu, leo usilale humu," alisema. "Tutoe vitu kwanza. Kubomoa au kutobomoa mutaamua baadaye."

Tukatoa. Kitanda changu, kabati, picha ya Hamimu, na mfuko, vyote vikapangwa barabarani, maana uani palikuwa pamejaa marobota ya mitumba. Fadhila alichukua nyundo kubwa ili apigilie gogo la pili la kuegemeza. Hivyo ndivyo Mama Chabani alivyotukuta alipotoka na buli lake: vitu vya mjane nje, mfuko wa safari juu ya kitanda, na wifi amesimama na nyundo.

"Lahaula!" alipiga kelele. "Wamemutoa mujane!"

Barabara nzima ikajaa. "Fadhila!" Mama Chabani aliendelea. "Kaburi ya kaka yako bado haijaota majani!"

"Imeota," alisema Fadhila. "Nimeipalilia mwenyewe juzi."

"Mbona unamufukuza?"

"Muulize mwenyewe."

Wakanigeukia. Ningeweza kusema maneno matano na kila mtu angerudi kwake. Lakini mambo ya nyumba ya Hamimu hayajadiliwi barabarani, na mimi nilinyoosha mtandio wangu, nikanyamaza. Fadhila alinitazama. Akaweka nyundo chini, akauinua mfuko wangu kwa mkono mmoja.

"Na huu?" aliuliza. "Huu niupeleke wapi, Mama Uthmani? Ndani, ao bandarini?"

Aliuliza kwa sauti ya chini. Tangu niolewe katika nyumba ile, sikuwahi kuisikia sauti hiyo.

Kabla sijafungua mdomo, mishikio ya mfuko, iliyokuwa imeoza chini ya kitanda tangu 1995, ikakatika. Mfuko ukaanguka, ukapasuka, na vitu vikatawanyika. Mbele kabisa, jozi moja ya viatu vya turubai, vya kamba, soli ya mpira, vikubwa kama mitumbwi.

Mama Chabani aliokota kimoja, akakiinua juu watu wote wakione.

"Hiki ni cha mwanaume," alisema.

Mara hii hakupiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nilisikia minong'ono ikianzia nyuma. Baadhi ya watu waliondoka pale pale, wakiwa wamebeba habari waliyoipata, na hao ndio walioifikisha Mutanga Nord. Lau wangesubiri kidogo! Mabega ya Télesphore yalikuwa yameanza kutikisika.

"Mama Chabani," alisema akijifuta machozi, "mi hiyo miguu naijua. Karibu mwezi naambiwa nijenge nyumba na vipimo vyake. Mupe avae."

Fadhila alivua ndala. Akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili, akafunga kamba, akasimama. Vilimkaa kama vimeshonwa juu yake. Barabara yote ikapasuka kwa kicheko, na Mama Chabani alicheka mpaka akakaa juu ya kitanda changu bila kuomba ruhusa.

Fadhila peke yake hakucheka.

"Ulinunua lini?"

"Mwaka ule wa Uvira."

"Na mi nilikuambia siendi."

"Uliniambia. Ndiyo maana nikanunua vya kamba. Nilijua siku ya kukimbia utatoka na ndala, zitakatika kabla ya daraja la mpakani, na mimi sina nguvu za kukubeba."

"Kwa hiyo ungenichukua kwa nguvu?"

"Kwa mkono au kwa masikio. Sikuwa nimeamua."

Aliinama, akazikaza upya kamba ambazo hazikulegea. Nami nikiwa nimesimama pale, vitu vyangu chini vikitazamwa na mtaa mzima, niliona kosa la hesabu zangu zote. Nilikuwa nikijiuliza kama nabaki au naondoka, na mfuko ulikuwa umeshajibu miaka mitatu kabla. Nisingeondoka bila Fadhila, na Fadhila haondoki. Basi mtu asiyeondoka anahitaji ukuta.

"Télesphore," nikasema, "anza. Anza na chumba changu."

Fadhila alipiga kigelegele kilichofika sokoni.

Ukuta ule, ambao miezi yote tuliogopa hata kupiga chafya karibu nao, ulikataa kabisa kuanguka. Télesphore na vibarua wake waliupiga hadi adhuhuri huku Mama Chabani akiwaelekeza kutoka kitini kwake, na ulipolala hatimaye, ulilala taratibu kama mtu anayelala kwa hiari yake. Kwa wiki kadhaa tulikaa nyumba isiyo na uso. Mama Chabani alituletea chai kila asubuhi kwa kuwa sasa alituona hadi jikoni na hakuwa na haja ya kuchungulia. Milio ilisikika mara mbili tatu, na kila usiku wa namna hiyo tulilala kwake. Fadhila alishinda na viatu vyake akichanganya simenti na vibarua, hata vikageuka vya kijivu na vigumu kama mawe. Salon ilijengwa kwa mita ya Télesphore. Kizingiti cha mlango wa mbele kina urefu wa miguu saba ya Fadhila, na hilo hakuna aliyeweza kulizuia.

Mwaka uliofuata mipaka ilifunguliwa na simenti ikashuka bei. Nilimkumbusha Fadhila hilo mara moja tu kwa siku.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakuna mwanajeshi, hakuna mfanyabiashara, hakuna mjane aliyetupwa. Wengine sasa huniuliza ni nini kingine kilichotawanyika barabarani asubuhi ile, kwa maana wamesikia kwamba Fadhila alikiokota haraka na kukificha ndani ya kitenge chake. Kweli alikiokota. Mama Chabani pia alikiona, naye, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hajamwambia mtu. Kama yeye ameweza, nami naweza. Sisemi.