Bridi za Nikeli na Mukono ya Léonard

«Hauende kazi Kambove,» Constance anasema. «Ile mukono haiyapona bado.»

Constance ni binti yangu. Anagombana na bwana yake Léonard hapa mu kiwanja yetu ya Katuba, bukari, ugali yetu ya mangaribi, inaungua ku mbabula ya makala. Mwaka jana asidi ilimurukia Léonard ku mukono, mu usine moja, kiwanda ya shaba. Ile asidi naijua. Siku moja ilikula kivuli ya kuku, kuku ikabakia kutembea yenyewe tu, na haya.

Léonard anaungaka mabomba. Bridi njo ile chuma ya duara, iko na matundu, inashikisha bomba na bomba kwa buloni, zile misumari ya kuzungusha na ufunguo. Baba yake, mutu wa kazi ya reli, alimuleta hapa toka Kabalo angali mudogo, lakini yeye reli haikumuvuta. Ukimuona anafunga bridi, hazunguke nayo: anakaza buloni moja kidogo, anaruka kwa ile ya ng'ambo, anarudia, juu bridi isikae upande. Na njo vile anaishi. Akinunulia bibi yake kitenge, siku ile ile ananunulia na mimi. Sasa nitamusema vibaya namna gani?

«Mama Syntiche,» anaambia bibi yake polepole, kwa jina ya mutoto yabo, «safari hii tunatia bridi za chuma ya kuchanganya na nikeli. Asidi haiwezi kuzikula.»

«Na mukono yako iko ya nikeli?»

Mi nikacheka. Constance akaniangalia. «Mama, weye uko upande ya nani?»

«Ya bukari,» nikasema. «Inaungua.»

Léonard hakucheka. Alikamata mikono ya bibi yake, akabandika yake juu, kiganja kwa kiganja. «Hizi bridi mbili.» Akaminya kidole gumba, kiisha kile cha mwisho, kiisha cha katikati, taratibu, sawa vile anaogopa kumuumiza. «Ikikazwa hivi, hakuna kitu inatoka hapa kati.»

Constance alikuwa anaangalia ile kovu.

«Basi utaonyesha bale bapya ba kazi namna ya kukaza. Weye utasimama nyuma.»

«Nitasimama nyuma.»

«Lapa mbele ya mama.»

«Nalapa.»

«Na ganti za mikono hautoe, hata kama kuko joto.»

«Sitoe.»

«Enda basi. Lakini ukirudia na kidonda ingine, mi…»

Mulango ya kiwanja ikafunguka. Désiré, chef ya Léonard ku kazi, alikuya kumupitia na motokari. Bale babili bakaachana mikono mbio, sawa bana ba kwaya padri amebakuta nyuma ya kanisa.