Beseni ya Mama Prezidenti

Ni juu ya beseni. Hujaniuliza bado, lakini naona macho yako inatembea mu lupangu, mu kiwanja ya nyumba, inatafuta bibao bya kuikalia ku sala, na sasa hivi utaniuliza: mama, shirika yenu ilienda wapi? Ilikufa. Haikufa na buchawi, haikufa na vita, hata padri hakuifunga. Ilikufa na maneno ya muzee moja, kiisha yake hakuna mwenye alirudi ku sala, na miye nilikuwa pale, nimesimama karibu yake.

Shirika ni shiye Bakatolika ba avenue moja hapa Kasungami. Kila juma tulikusanyikaka mu lupangu ya mutu moja, tunasoma Evanjili, tunaimba vibaya, tunarudi kwetu. Mukubwa wetu alikuwa mama moja mwenye mwili, mutoto yake anapitisha sima, saruji ya kujengea, ku mupaka ya Sakania. Tulimuitaka Mama Prezidenti. Sauti yake iko hivi, sikia: «Ba-ma-ma. Miye niko nani? Miye niko vumbi. Kristu mbele, miye nyuma.» Anaisemea mu pua, polepole, shingo imepinda kama kuku yenye inasikia mutu anakuya na kisu.

Siku moja nikamujibu: «Mama, vumbi ya kwetu haivalake kitenge ya super wax.» Bamama bakachekea mu bitambala. Ye hakucheka. «Mama, unaleta mizaha mu bintu bya Mungu. Inaomba umilite.» Umilite ni bunyenyekevu tu, lakini ukiisema na Kifaransa, eti inakuwa na uzito.

Kristu mbele, ndiyo, alimuwekaka mbele. Unayua vile bamama bengine banafanya ku lopitalo? Anakamata mutoto ya jirani, anamubeba mu mugongo, anamufinya kidogo alie, bamupitishe mbele ya musitari. Akisha kupita, mutoto anarudishwa kwa mama yake. Vile njo alimubebaka Yezu.

Sasa, Alhamisi Kuu, mu parokia yetu, padri anasafishaka miguu ya bantu kumi na mbili, kama vile Bwana alifanyia bamitume. Mashirika inapeana zamu. Mwaka ule zamu ikafika kwetu: tutoe mutu moja. Tukakubaliana bote: muzee wa pa kona.

Ule muzee alitumikaka ku shemandefere, alitembea mu mawe ya reli mpaka nywele ikageuka pamba. Kiisha sukari ya mu damu ikamuletea kidonda ku muguu ya kuume, kidonda yenye haikauke. Kunuka, ilinuka, sikufiche kitu. Bibi yake alishakufa, batoto bako mbali, basi miye jirani njo nilimufungiaka kitambala. Nilikuwa napumua na kinywa.

Siku ya kumuchagua, nilipokuya kumubadilishia kitambala, akaongea chini-chini, kama mutu anaogopa kuamusha mutoto: «Mama, tangu bibi yangu alikufa, hakuna mutu amegusa huu muguu bila kukunja uso. Weye pia unakunja, nakuonaka. Nataka padri auguse mbele ya Mungu, mara moja tu. Kiisha hata nikufe.»

«Miye nakunja uso tangu nilizaliwa,» nikamuambia. «Uliza marehemu mama yangu.» Akacheka mpaka akakohoa. Siku ile ile akatuma bamununulie soksi mpya.

Tukafika ku kusanyiko ya mwisho kabla ya Alhamisi. Mama Prezidenti akasimama, akafunga macho. «Batata, bamama. Nimesali. Nimeuliza Bwana. Padri wetu iko na tumbo nyepesi. Tukimuwekea kidonda mu mikono, mbele ya altari, akitapika je? Haya itaangukia shirika. Basi miye, vumbi, najitoa. Nitaikala mu nafasi ya muzee. Ni sadaka yangu.»

Sadaka. Nikasema: «Petro alikuwa anatoka mu samaki. Unazania miguu yake ilinukaka maua?» Bengine bakacheka, kiisha kila mutu akaangalia biatu byake. Sima ya shapeli yetu ilitoka mu camion, lori ya mutoto yake. Nani atafungula kinywa?

Akamugeukia muzee, sauti imejaa asali: «Papa, Bwana anaangaliaka roho, si hivi?»

«Ni sawa, mama,» muzee akajibu. Akavuta muguu yake chini ya kiti, polepole, kama mutu anaficha mbwa yenye iliiba nyama.

Alhamisi nikaikala mbele kabisa, nione muzuri. Padri akavua kasula, nguo yake ya juu ya misa, akafunga taulo mu kiuno, akaanza ku mwisho ya kibao. Akafika kwa mama yetu, akapiga magoti. Ye akavua kiatu. Makucha yote nyekundu, verni, rangi ya makucha, haijamaliza siku mbili. Kisigino imesuguliwa mpaka inangaa kama yai yenye imemenywa. Na malashi. Malashi ilitoka mu ile muguu, ikashinda ubani. Alienda kwanza kusafishisha miguu, sababu ya kuenda kusafishwa miguu. Akaitoa kwa padri mbele, vidole imenyooka, kama mukubwa mwenye anatoa mukono babusu. Padri akamwanga maji, mafuta yake ikaelea mu beseni, na ule wa kufuata akanawishwa na maji ile ile.

Miye mwenye nilifungaka kidonda bila kutapika, pale njo nilitoka inje, nikatema mate pa ukuta ya kanisa. Nikapita karibu na muzee. Aliikala nyuma, kibao ya mwisho, na soksi yake mpya.

Bantu bakaanza kusemasema. Ku robine ya maji, ku kinu, mpaka maneno ikamufikia. Mutu mwengine angeenda kwa muzee, yeye peke, aseme: papa, unisamehe. Ye alipata akili ingine.

Siku ya kufuata Pasaka, shirika yote tukaambiwa tukusanyike kwa muzee. Mama Prezidenti akaingia na beseni mpya, karatasi ya bei ya duka ingali imebandikwa chini. Taulo nyeupe. Nyuma yake katibu wetu ameshika telefone juu. «Bamama, leo tunaonyesha umilite ya shirika yetu. Bantu ba parokia bataona mu watsap.»

Muzee aliikala ku kiti, anatuangalia. Nikamufungulia kitambala miye mwenyewe, sababu hakuna mwengine alisogea. Mama akatandika kikwembe ya zamani chini, akapiga magoti juu yake. Akashika pua kidogo, akaachilia, akaangalia telefone, akachekelea. Akachovya vidole mu maji, akagusa muguu pa juu, kule kwenye hakuna kidonda.

Yezu alisafisha hata muguu ya Yuda, na aliyua kwenye ile muguu inaenda. Hakuna mutu alimushikia taa.

«Sura yangu imeonekana?» mama akauliza.

«Jua ilikuwa nyuma, mama,» katibu akasema. «Uko mweusi tu.»

«Basi tuanze tena. Zungukia huku. Papa, inua muguu kidogo. Na chekelea, papa. Kama mutu mwenye furaha.»

Muguu ya muzee ilikuwa mu hewa, maji inadondoka, kidonda iko wazi, inzi ishafika. Nilitaka kumwanga ile beseni juu ya super wax yake. Nilishanyoosha mukono. Lakini muzee akanishika. Hakukasirika. Akainama karibu na uso ya mama, kama anataka kumuonyesha kitu mu maji, akasema polepole, bote tukasikia:

«Zima telefone, mama, tuone kama utabakia.»