Matumbo ya Kamba

Majuzi nilishuka Ruiru kutafuta kamba ya mkonge. Kijana wa duka, rika la wajukuu wangu, akaniletea ya plastiki, buluu, inayoteleza. "Shosho, mkonge utatoka wapi siku hizi? Chukua hii, haikatiki." Nikaichukua tu. Lakini njiani, rafiki yangu, vidole vyangu vilikuwa vikiisokota vyenyewe, kana kwamba bado haijakwisha kusokotwa.

Miaka ya hamsini niliishi na nyanya upande wa Theta, pembeni mwa shamba la mkonge la mzungu. Harufu kali ya majani yaliyosagwa kiwandani ililala nasi na kuamka nasi. Nyuzi zilizoanguka chini ya waya za kukaushia tuliruhusiwa kuokota, na nyanya alizisokota pajani, viganja vimepakwa majivu, huku githeri ya mahindi na maharagwe ikitokota jikoni.

Nilikuwa mtoto wa haya. Mgeni akija, nilijificha nyuma ya ghala. Mwenzangu alikuwa ndama mwekundu niliyemnywesha kwa mkono tangu mama yake afe. Siku moja kamba yake ilikatika akaingia kwenye mkonge. Nyapara wa shamba akamkamata, na nyanya akamsihi hadi jua kutua ndipo akaachiliwa.

"Akiingia tena hamtamwona," nyapara alisema.

Jirani yetu, mama mwenye zizi imara, akajitolea kumchukua. Nyanya akanitazama kwanza, kisha akamwambia. "Mtoto asokote kamba nyingine. Ikikubali, ndama atakaa. Ikikataa, utakuja kumchukua."

Kamba ilikubali au kukataa kwenye nguzo ya zizi. Ulifunga ncha moja pale, ukakaza, ukashika nyingine na kuitikisa. Kamba iliinuka nundu, nundu ikakimbia hadi kwenye fundo, ikagonga, ikapinduka na kurudi mkononi mwako. Ukitikisa kwa pupa, nundu zinazokwenda na zinazorudi zinagombana, kamba inachafuka. Lakini ukituma kila moja kwa wakati wake, ghafla huoni tena kitu kikikimbia. Kamba yote inasimama mahali pake, imejaa matumbo yanayopanda na kushuka, na kati ya tumbo na tumbo pana mahali palipotulia kabisa. Matumbo yakiwa sawa yote, kamba imekubali. "Kilichokwenda kitarudi," nyanya alizoea kusema. "Kingojee."

Kamba yangu niliisokota nene kila mahali nilipoogopa itakatika. Matumbo yakatoka moja refu, jingine fupi. Jirani akashika kiuno.

"We kairitu, we msichana, hii ni kamba au nyoka aliyemeza vyura?"

"Atawatapika," nyanya akamjibu. Kisha akanionyesha kwamba penye unene nundu huchelewa, ndiyo maana tumbo hufupika. Na kwamba kamba hukatikia pale unene unapokutana na wembamba.

Nikaifumua yote. Nikasokota tena hadi paja likachubuka, nikafumua, nikasokota. Jirani alipita kila jioni kumpapasa ndama shingo, akimwita kwa jina alilompa yeye mwenyewe. Nilichukua nyuzi zingine.

Asubuhi niliyofunga kamba ya mwisho kwenye nguzo, jirani alikuwapo. Mkono wangu ulianza kwa haraka, nikauzuia. Nikangoja nundu zirudi. Matumbo yakasimama, yote sawa, kamba ikivuma kidogo. Nyanya hakunisifu. Aliweka kidole chake mahali palipotulia, na matumbo ya pande zote mbili yakaendelea kucheza kana kwamba hajagusa kitu.

"Mama, rudi nyumbani," akamwambia jirani. "Ndama ana kwao."

Leo mkonge wote umeng'olewa. Waya za kukaushia hazipo, malisho yamekuwa mageti na kuta za mawe, na nyanya amelala kaburini muda mrefu. Hata mapaja ya kusokotea hayapo tena. Watoto wangu hawajui kwa nini langu lina kovu. Lakini asubuhi ile kamba ilipokubali, nilimwongoza ndama mimi mwenyewe kando ya mkonge, kamba mkononi. Nyapara alikuwa amesimama njiani. Sikutafuta ghala la kujificha. Nilimsalimu kwanza, kwa sauti, nikapita.