Karatasi Kwenye Platini

Harufu ya waya unaoungua, jamani, mpaka leo haijanitoka puani. Wiki iliyopita jirani yetu hapa Tandika aliunguza waya wa pasi, harufu ikapenya dirishani, na mie mtu mzima, mama wa watoto watatu, nikajikuta nakimbia sebuleni kuchomoa kila waya ukutani. Watoto wakanicheka. Wacheke tu, hawajui.

Baba alikuwa na pikipiki ya zamani aliyoachiwa na babu, nzito, tangi lake jekundu limefubaa. Tulimwita Bikizee kwa sababu haamki bila kubembelezwa. Baba alikuwa karani wa ghala la makontena Kurasini, na kila asubuhi alinipakia mbele yake, juu ya tangi, anishushe shuleni njiani. Fundi wa mtaani hakuruhusiwa hata kumgusa. Bikizee akigoma, Baba mwenyewe alikunja suruali na kuchuchumaa uani. "Tafuta moto kwanza, mafuta baadaye," ndiyo ilikuwa sala yake. Alifungua plagi, akailaza juu ya injini, akapiga kiki, na kazi yangu mie ilikuwa kutazama cheche.

"Rangi gani, mama?"

"Bluu, baba."

Bluu ni moto wenye nguvu. Ya njano ni mgonjwa. Alisema jua la Temeke ni kali mno kwa macho ya mtu mzima, cheche inataka macho mapya. Weee, nilivyovimba kichwa! Shuleni nilijitangaza kuwa fundi.

Alinifundisha na platini, vile vyuma viwili vidogo ndani ya kifuniko cha ubavuni, vinavyogusana na kuachana ili cheche izaliwe. Nafasi kati yake aliipima kwa kipande cha jalada la daftari langu la hesabu, pale nyuma penye jedwali la kuzidisha. Kila kipande kikichakaa alikata kingine. Ndiyo maana hesabu za saba nimezikisia maisha yangu yote.

Lakini mambo yalikuwa yanakwenda kombo, nami nikiyaona kama vituko. Baba akimimina chai, inafurika mpaka kwenye sahani. Siku moja alisimama uani akasema "Shikamoo mzee" kwa kanzu iliyoanikwa kambani. Nilicheka hadi nikakaa chini. Mama hakucheka. Alisema taratibu, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Baba akajibu kwamba ni vumbi tu.

Kisha ikaja asubuhi moja ya masika. Tulikuwa barabara ya Kurasini, malori ya makontena mbele na nyuma, mara Bikizee akazimika katikati ya njia na moshi ukafuka chini ya mapaja yangu. Harufu ile. Nyuma yetu honi ya lori ililia bila kukoma, kisha breki, na lilipokuja kusimama nilisikia joto la injini yake mgongoni. Dereva alitutukana matusi ambayo sikuyajua maana.

Baba alisukuma mpaka pembeni. Akavuta nyaya alizoziunga mwenyewe jana yake, akanisogezea usoni. "Mwekundu ni upi?" Nilidhani ananitania. Nikamwonyesha: mwekundu unaoleta moto alikuwa ameufunga na mweusi unaokwenda kwenye bodi. Akazifungua, akazifunga upya nikimtajia rangi.

"Mama yako asijue," akasema.

Tangu siku hiyo aliendesha kwa macho yangu. "Kuna nini mbele?" Lori, baba. "Na kulia?" Mtu, baba, mtu! Niliogopa. Kila asubuhi nilipanda lile tangi nikiamini leo ndiyo leo. Nikimwambia Mama, nimemsaliti Baba. Nikinyamaza, tunakufa wote wawili.

Jumapili moja Baba alipokwenda kunyoa, nilichukua bisibisi, nikafungua kifuniko, nikachomeka kile kipande cha jalada katikati ya platini zisigusane. Nikafunga.

Jumatatu alipiga kiki mpaka jasho likamtoka. Akafungua plagi. "Rangi gani?"

"Hakuna, baba." Huo ulikuwa ukweli.

Akafungua kifuniko. "Platini zikoje?"

"Safi, baba." Huo ukawa uongo wangu wa kwanza kwake.

Akaingiza kidole mwenyewe, akapapasa, muda mrefu. Mvua ilianza kudondoka kwenye bati. Akarudisha kifuniko, akafuta mikono yake polepole, kidole baada ya kidole. "Basi, mama. Bikizee amekufa. Twende kwa miguu."

Wiki hiyo hiyo alikubali kwenda na Mama hospitali. Presha ya macho, wakasema, na mmechelewa. Mwaka haukuisha, giza likamfunika kabisa. Na mie, mtoto wa miaka tisa, niliamini nimemzima Baba kama nilivyoizima pikipiki yake. Nimelibeba hilo mpaka nikazaa.

Basi wiki iliyopita, baada ya ile harufu, nikaingia stoo alikolala Bikizee tangu Baba ahamie kwangu. Nikafungua kifuniko. Hamna karatasi. Nikafungua kopo lake la vifaa, na humo, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, kilikuwepo kipande changu: saba mara nane, hamsini na sita.

Alikuwa amekipata asubuhi ile ile. Kwa kidole. Angeweza kukitoa pale pale, akanizaba kibao, tukaondoka. Akachagua kushindwa.

Nililia, kisha nikasugua platini, nikaazima betri kwa kijana wa bodaboda, nikailaza plagi juu ya injini. Nikapiga kiki. Nje, kwenye kiti chake mlangoni, Baba aligeuza shingo.

"Rangi gani, mama?"

"Bluu, baba."

"Haya," akasema. "Leo nakuamini."